Chupa Yenye Tundu



Tarehe 21 Mei 2011, Baba Mtakatifu Benedikto XVI alizungumza kutoka Vatikano na wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita zipatazo 400 juu yetu. Watoto wa katekesi wakisikia habari hii huuliza: mbona watu wale huelea? Wengi hudhani huko hakuna mvutano wa dunia. Kumbe upo, karibu sehemu tisa kwa kumi ya huu wetu.

Tutoboe chupa ya plastiki karibu na kitako, tuijaze maji, kisha tuiachilie kutoka juu. Inapoanguka, maji huacha kutoka tunduni, kwa maana chupa na maji vinaanguka pamoja. Vivyo hivyo kituo huanguka pamoja na watu wake, ila mwendo wake wa kilomita 28,000 hivi kwa saa hukifanya kiizunguke dunia pasipo kuigusa.

Shule zetu nyingi hazina maabara. Tusimwache mtoto aamini kwamba elimu hii ni ya wengine. Muumba wa mbingu alimjalia akili naye pia. Jumapili, baada ya Misa, tuwakusanye wadogo zetu, tuwaonyeshe.