Mgeni na Jembe Lake



Juma hili nawaandikia juu ya kosa langu mwenyewe. Nimelinyamazia kwa muda mrefu, lakini Jumapili iliyopita kijana mmoja aliniuliza baada ya Misa kwa nini fundi aliyekuwa akitengeneza gari la parokia haonekani tena, nami nikashindwa kumjibu.

Fundi huyo alitoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Siku ya anga safi milima ya kwao huonekana kutoka hapa Kigoma, na kwa macho ya mtu wa Ujiji ng'ambo ile si ugenini. Wazee wengi wa Ujiji wakihesabu mababu zao huishia Manyema, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Mababu hao walivuka katika karne ya 19, wengine kwa hiari yao, wengine kwa minyororo, na hakuna aliyedaiwa kibali. Hata Wamisionari wa Afrika waliofika Ujiji Januari 1879 walifika wakiwa wageni. Labda ndiyo sababu mimi pia nilichukulia jambo hili kwa wepesi.

Alikuwa fundi wa injini katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Alikuwa na mkataba, kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, na mke na watoto wake watatu walikaa nchini kwa kutegemea karatasi hizo. Siku moja ya mwezi Julai alipewa barua: kazi imekwisha. Jioni hiyo hiyo alikuja parokiani akiwa ameishika mkononi.

Nilimfanyia lile ambalo kila mmoja wenu angelifanya. Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi nami nikampa jembe. Nilimkabidhi gari la parokia alitengeneze, nikamlipa ujira wake, nikawaambia wenye boti na majenereta kwamba fundi hodari yupo. Na kwa kuwa kibali chake kilionyesha kwamba bado kina miezi minane, nilimwambia, "Tulia, mwanangu. Kabla miezi hiyo haijaisha, kazi nyingine itapatikana."

Baada ya majuma mawili, kikao cha Halmashauri ya Walei kilipokwisha, mzee mmoja aliyestaafu kazi za ofisi ya serikali alibaki nyuma. Akaniuliza kwa upole, "Baba Paroko, huyu mtu unamsaidia au unamtia matatani?"

Alinieleza mambo niliyopaswa kuyajua. Mgeni aliyeajiriwa nchini hukaa kwa Kibali cha Ukaazi Daraja B, na tangu Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 hutakiwa pia kuwa na kibali cha kazi kinachotolewa na Kamishna wa Kazi. Karatasi zote mbili humtaja mwajiri mmoja na kazi moja. Ajira ile ikikoma, msingi wa kibali umekoma nayo, hata kama tarehe iliyoandikwa haijafika. Miezi minane niliyokuwa nikimwonyesha fundi kwa kidole haikuwapo. Tena mwajiri mwingine hawezi kumchukua hivi hivi tu. Lazima maombi yaanze upya. Kumpa kazi mgeni asiye na kibali cha kazi hiyo ni kosa kwa mpokeaji na kwa mtoaji pia. Mtoaji nilikuwa mimi.

Nilijitetea kwamba Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mzee akatabasamu. Wengi wanadhani hivyo, alisema, lakini kujiunga hakukufuta vibali.

Usiku ule nilikumbuka yule wakili wa Injili ya Luka aliyeachishwa kazi, ambaye alihangaika ni nani atakayemkaribisha nyumbani mwake. Nimelihubiri somo lile mara nyingi, na kila mara nilizungumzia fedha. Sisi wananchi tukipoteza kazi tunapoteza mshahara, nalo ni pigo zito. Lakini hakuna anayetuuliza kesho yake kwa nini bado tumesimama Lumumba au Mwanga. Mgeni hupoteza mshahara na ardhi anayoikanyaga kwa barua ile ile moja.

Sisemi kwamba sheria haina sababu. Sheria hiyo ya 2015 humtaka mwajiri awe na mpango wa mgeni kumrithisha mwananchi ujuzi wake, na vijana wa Kigoma wanahitaji kazi. Fundi wetu alikuwa amemfundisha kijana wa Gungu, na kijana huyo ndiye aliyeshika nafasi yake. Hakumwonea wivu. Aliniambia, "Injini zile anazijua vizuri. Nilimfundisha mimi."

Basi tulianza upya, safari hii kwa njia iliyo halali. Mzee alitusomea kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: mfanyakazi akiachishwa mahali pasipo pale alipoajiriwa, mwajiri anawajibika kumrudisha alikoajiriwa pamoja na mizigo yake, au kumlipa gharama hizo, na posho ya kujikimu ya siku anazosubiri. Kampuni ilidai kwamba ilimkuta hapa hapa mjini. Mkataba ulisema Kalemie. Nauli ikalipwa.

Binti yake mkubwa alikuwa darasa la saba, na mtihani ulikuwa Septemba. Mzee alimsindikiza Uhamiaji akaeleze hali yake waziwazi, bila kujificha, akaombe muda wa kufunga mambo yake. Alipewa, na binti akafanya mtihani. Ningependa kusema kwamba ni mimi niliyelifikiria hilo, lakini mimi nilikuwa bado nawaza jinsi ya kumtafutia kibarua.

Ulibaki mshahara wa mwezi mmoja ambao haukulipwa. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wake una mipaka: kwa anayelalamikia kuachishwa isivyo halali ni siku 30, kwa madai mengine kama ya mshahara ni siku 60. Aliandika madai yake. Lakini mdai anayetakiwa kuondoka atasubiri vikao kwa chakula gani, na katika nyumba ya nani? Aliniachia nakala, nayo iko ofisini kwangu. Kama yuko kati yenu mwenye ujuzi wa mambo haya, nitashukuru akipita siku za kazi, baada ya Misa ya asubuhi.

Niliwasindikiza bandarini. Binti alikuwa amefunga madaftari yake ndani ya kanga ili yasilowe. Baba yake alikagua injini ya boti kabla ya kupanda, akamwomba nahodha spana, akakaza kitu fulani. Nahodha akataka kumlipa. Fundi alinitazama, akacheka, akamwambia aiweke tu hela yake.

Matokeo ya binti yalipotoka, mwalimu wake aliniletea. Amefaulu. Nimeyatuma Kalemie kwa mkono wa mfanyabiashara wa dagaa.