Gurudumu Lisilo na Mpira wa Ndani

Vijana wapendwa, mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, nayo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara letu. Wengi wenu mliyafuata katika simu zenu. Baadaye, katika mkutano wa kikundi, mmoja wenu alituuliza: “Papa Mwalimu, inasemekana matairi ya wale watu hayana mpira wa ndani. Sasa upepo unakaa wapi?” Tulimjibu kwa maneno mawili matatu, maana saa ya sala ilikuwa imefika. Jibu kamili ni refu kidogo, kwa kuwa magurudumu ya namna hiyo tunayo sisi wenyewe, na yalituletea jambo ambalo hatujawahi kulisimulia mbele yenu.

Mnajua kwamba kazi yetu ni kuwaandaa walimu. Mara mbili kwa juma tulikuwa tukipanda kinga, ndivyo tuitavyo baiskeli huku kwetu, kutoka Bukavu hadi upande wa Kavumu, mwendo wa kilomita 30 hivi, ili kuwatazama wanafunzi wetu wakitoa masomo ya majaribio katika shule za msingi. Kinga yenyewe ni ya mbio, nyembamba, iliyokwisha kutumika, ambayo mpwa wetu aishiye Ubelgiji alitupatia. Majirani walicheka walipomwona mzee aliyepita miaka hamsini akiinama juu ya usukani kama kijana anayekimbizwa. Waliendelea kucheka hadi walipoona tunafika mapema kuliko basi dogo linalongoja abiria wa mwisho.

Lakini tairi nyembamba haina huruma. Ili isigonge chuma katika mashimo yetu ni lazima ijazwe upepo mwingi, nayo ikijazwa mno hurukaruka juu ya kokoto na kuichosha mikono. Ukipunguza upepo, shimo moja tu latosha: mpira wa ndani hubanwa kati ya tairi na ukingo wa rimu, ukatoka na matundu mawili yaliyokaribiana. Hayo ni mbali na misumari, vipande vya chupa, na zile nyaya nyembamba kama nywele zinazoachwa na matairi ya malori yaliyochakaa. Nyaya hizo ndizo adui mkubwa kuliko wote, kwa sababu jicho haliwezi kuziona.

Ndivyo tulivyozoeana na kwado mmoja karibu na Mudaka. Alikuwa na beseni la maji, mpira mkuukuu wa kukata viraka, kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari cha kukwaruzia, gundi na pampu. Alizamisha mpira wetu ndani ya maji, akazitazama povu zikipanda, akaweka kidole pale zilipotokea. Kiraka kilihitaji muda wa kukauka, nasi tuliketi juu ya benchi lake tukingoja. Katika kungoja huko tulijua bei ya maharage ya juma lile, tukajua shamba la mama yake lililoliwa na mmomonyoko, tukamjua binti yake wa kwanza, aliyemletea chakula adhuhuri na kusoma kwa sauti vichwa vya masomo katika daftari zetu. Kwa desturi yetu baba huitwa kwa jina la mtoto wake, nasi tulimwita hivyo, “Baba” pamoja na jina la yule binti.

Mwezi wa Februari 2023 tulitobokewa mara mbili katika asubuhi moja. Mara ya pili ilikuwa mbali na kwado yeyote, tukaisukuma kinga kwa miguu. Tulipofika shuleni, mwanafunzi wetu mmoja alikuwa amekwisha kutoa somo lake peke yake mbele ya mkaguzi, pasipo mwalimu wake wa kumtetea. Alishindwa, ikambidi kurudia mwaka uliofuata. Hakutulaumu kwa neno lolote. Alitusaidia kuifuta kinga matope.

Hapo ndipo tulipomwandikia mpwa wetu, na kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Septemba alituletea magurudumu mawili, matairi yake, na chupa ya maji meupe.

Sasa lile swali la upepo. Katika gurudumu la kawaida upepo umo ndani ya mpira, na tairi ni kama ngozi ya kuulinda. Katika gurudumu hili mpira umeondolewa, na tairi lenyewe linashika upepo. Matundu ya njiti za gurudumu yamezibwa kwa utepe usiopitisha hewa, valvu imefungwa moja kwa moja katika rimu, na ukingo wa tairi umetengenezwa ili ukae kwa nguvu ndani ya rimu bila kuacha mwanya. Kuliketisha mahali pake si kazi ya pampu ya mkono. Tulijaribu jioni nzima, jasho likatutoka, upepo ukawa unaingia huku na kutoka kule. Kesho yake tulikwenda kwa mafundi wa magari wenye kompresa. Tukapaka maji ya sabuni, tukatoa kiini cha valvu ili upepo uingie kwa mkupuo, na tairi likaruka mahali pake kwa mlio kama wa kofi. Hatuoni haya kusema kwamba tulishangilia.

Kisha yakamiminwa yale maji, kiasi cha mililita 50 katika kila tairi. Gurudumu linapozunguka, maji husambaa ndani. Msumari ukipenya, upepo huyasukuma kuelekea kwenye tundu, nayo yakikutana na hewa ya nje huganda na kuziba. Mpanda baiskeli huenda asijue kabisa kwamba ametobolewa. Tena, kwa kuwa hakuna mpira wa kubanwa, unaweza kupunguza upepo: sisi tuliokuwa tukijaza bari 7 tukashuka hadi 5, na barabara ikawa laini chini yetu. Magari yalianza kuacha mpira wa ndani tangu miaka ya 1950. Baiskeli ndizo zilizochelewa. Ila msiende kuijaribu kinga yoyote ile. Rimu na tairi ni lazima viwe vimetengenezwa kwa ajili hiyo, na baadhi ya rimu za kisasa zisizo na ndoano hazipaswi kuzidi bari 5, la sivyo tairi laweza kuchomoka katika mteremko.

Tulipoifungua chupa ile harufu kali ya amonia ilitupanda puani, kwa sababu maji mengi ya namna hiyo hutengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira. Siku hizi miti hiyo hupandwa zaidi katika Asia, hasa Tailandi na Indonesia. Hata hivyo Mkongomani hawezi kuunusa utomvu huo bila kukumbuka. Mwaka wa 1888 daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop, mkaaji wa Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo, baada ya kulijaribu katika baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ulaya na Marekani zikashikwa na kiu ya mpira. Nchi hii ilikuwa mali ya mfalme Leopold II, tangu 1885 hadi 1908, na katika misitu ya magharibi yetu watu walitumwa kwa nguvu kukamua mitambaazi ya porini. Wake zao walishikwa rehani, na wengine walikatwa mikono. Baba mmoja alikuwa akitafuta njia ya kumstarehesha mtoto wake katika barabara ya mawe, hatumlaumu. Lakini tulipokuwa tukimimina yale maji meupe tulinyamaza kidogo, na fundi wa kompresa akatuuliza kama tumeumwa kichwa.

Miezi saba hatukusimama njiani hata mara moja. Tulifika kabla ya wanafunzi wetu, tukaketi nyuma ya darasa na kalamu mkononi. Yule aliyeshindwa alirudia somo lake, nasi tulikuwapo, akafaulu. Pale Mudaka tulikuwa tukipita kwa kasi na kumwinulia kwado mkono, naye akituinulia wake. Mnamo mwezi wa Februari 2024 aliacha kuuinua. Tulisema moyoni kwamba amekasirika kwa kuwa hatumpi tena fedha zetu, na, tuseme kweli, tulicheka peke yetu juu ya kinga.

Yale maji hayadumu. Hukauka ndani ya miezi miwili hadi sita, kwa kadiri ya joto, na mwenye kinga hupaswa kuyaongeza. Mpwa wetu alituandikia hivyo. Tulisoma, tukasahau, kwa maana kitu kisichosumbua hakikumbukwi. Asubuhi moja ya Aprili tairi la nyuma lilitoa upepo wote kilomita moja kabla ya Mudaka. Tulisukuma hadi kwa kwado.

Tulimsalimu kama siku zote, “Baba” na jina la binti yake. Hakuitika. Alilichukua gurudumu, akahangaika nalo kwa vyuma vyake viwili, maana tairi hizi hubana sana, na alipolifungua akakuta ndani utando mkavu uliojikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Ili kutia mpira wa ndani ilimbidi kwanza kuchomoa kila kilichonasa, la sivyo mpira ungetoboka papo hapo. Alipapasa kwa vidole taratibu. Alitoa nyaya, miiba, na kichembe cha chupa, akavipanga juu ya benchi. Vilikuwa kumi na kimoja.

“Papa Mwalimu,” akasema bila kuinua macho, “mtoto aliondoka mwezi wa pili. Homa ya siku tatu.”

Tulimwambia hatukujua. Akasema: “Matawi yaliwekwa hapa kando ya barabara siku zote za matanga. Ulipita.”

Hatukuwa na jibu. Tumewafundisha ninyi wenyewe, katika ukumbi ule ule mnaoujua, kuwatembelea waliofiwa, na tuliwahi kuwakemea waliochelewa siku moja. Tuliketi juu ya benchi. Alitia mpira, akajaza upepo, akatuomba franka 1000 kama bei ya zamani, wala hakutaka zaidi. Siku hiyo tulifika Kavumu masomo yamekwisha, na hatukuharakisha.

Huenda mnangoja tuseme kwamba tuliyatupa magurudumu yale. Hatukuyatupa. Ni mazuri, na mwanafunzi aliyesimama peke yake mbele ya mkaguzi hatujamsahau. Tulichofanya ni kuiacha chupa ya maji meupe kwa kwado. Katika kipindi chote tulichoendelea na safari zile, kila baada ya miezi miwili tulisimama kwake hata kama tairi ni zima. Alitoa kiini cha valvu, akaingiza kijiti kupima maji yaliyobaki, akaongeza, akalitikisa gurudumu karibu na sikio lake. Kazi hiyo huchukua dakika tano. Sisi tulikaa saa nzima.

Anaye mtoto mwingine, mvulana, ambaye sasa ndiye anayeshika pampu. Tulimwuliza kama tuanze kumwita kwa jina la huyo. Alifikiri kidogo, akiwa bado ameshika gurudumu, akasema tuendelee na lile lile.