Mhariri Alipoyachinja Makala Yangu

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nataka kuwasimulia jinsi makala yangu ya kwanza ya jarida yalivyokatwakatwa na mhariri, hadi nikataka kuyaondoa kabisa. Huenda nawe umeanza kuandika, na siku yako inakuja.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu hapa Nairobi. Mwaka jana jarida dogo la Kiswahili liliniomba niandike kuhusu nywila: kwa nini usitumie moja kila mahali, na tovuti huzihifadhi vipi. Niliandika usiku tatu mfululizo baada ya kazi. Nikatuma maneno 1,150, nikalala usingizi mtamu.

Siku ya nne faili likarudi. Maneno 610! Kila mstari ulikuwa na wekundu. Utangulizi wangu, ambao nilikuwa nimemsomea mke wangu kwa sauti, haukuwapo tena. Nilifunga tarakilishi nikaanza kutunga barua pepe kichwani: "Asante Mwalimu, lakini haya si makala yangu tena. Naomba msiyachapishe."

Mhariri huyo ni mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, ndiyo maana sote tunamwita Mwalimu. Nikajiuliza, yeye anajua nini kuhusu nywila?

Kilichoniokoa ni mazoea ya kazini. Kule, msimbo wangu hauingii kwenye mradi kabla mwenzangu hajaukagua na kunionyesha kasoro. Hukosolewa karibu kila siku na sijawahi kutishia kuacha kazi. Mbona basi nikasirikie sentensi? Nikaamua kufanya kama kazini: nikaweka matoleo yote mawili kwenye Git, nikayalinganisha neno kwa neno.

Kwa asiyejua, kazi hii ya kulinganisha faili ni ya zamani. Programu iitwayo diff ilitengenezwa na Douglas McIlroy wa Bell Labs kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Git yenyewe ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Inakuonyesha kilichoondolewa na kilichoongezwa, basi. Haikuambii kwamba umedharauliwa.

Nilihesabu mabadiliko 84, nikayagawa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza, 51, yalikuwa makosa yangu tu. Niliandika "hauwezi" badala ya "huwezi", na "nywila zingine" badala ya "nywila nyingine". Nilijaza "ambayo" kila mahali, hata pale "programu inayotumika" ingetosha. Hapo sikuwa na la kusema.

Fungu la pili, 24, yalikuwa maneno yaliyokatwa. Utangulizi wangu ulikuwa humu. Niliusoma upya na kugundua kwamba aya mbili zilizungumza habari zangu kabla nywila haijatajwa hata mara moja. Iliniuma, lakini alikuwa sahihi.

Fungu la tatu, 8, ni mambo ya kupenda tu. Mimi napenda "kompyuta", yeye anapenda "tarakilishi". Niliyaacha yapite.

Fungu la nne lilikuwa na badiliko moja tu, na hilo ndilo lililonifanya nipige simu.

Mimi niliandika: "Nywila haihifadhiwi kama ilivyo bali huchakatwa kupitia kanuni ya upande mmoja ambayo matokeo yake ndiyo yanayowekwa katika hifadhidata." Yeye akaandika: "Nywila yako hufungiwa kwa ufunguo wa siri."

Sentensi yake ni nzuri kuliko yangu, lakini si kweli. Kitu kilichofungwa kwa ufunguo kinaweza kufunguliwa na mwenye ufunguo. Tovuti iliyoundwa vizuri haina ufunguo wa kuifungua nywila yako, kwa sababu haikuiweka. Iliweka alama iliyotokana nayo, tunayoiita hashi, na kutoka kwenye alama hiyo hakuna njia ya kurudi nyuma. Ndiyo maana ukisahau nywila, tovuti kama hiyo hukwambia uunde mpya. Haiwezi kukutumia ile ya zamani. Msomaji akiamini kwamba wenye tovuti wanaweza kuisoma nywila yake, tapeli akimpigia simu na kusema "tunayo tayari, tuthibitishie tu", atamtajia.

Nilijiandaa kwa vita. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, sentensi yako niliisoma mara nne. Nilichoandika ndicho nilichoelewa. Ikiwa nimekosea, nieleze sasa kama unavyomweleza shangazi yako."

Nikajaribu. Nilipofika pale pa kutorudi nyuma akanikatiza: "Yaani ni kama kusaga mahindi? Unga haurudi kuwa punje."

Naam! Tovuti huweka unga, wala haiweki mahindi. Ukija tena na nywila yako, huisaga upya na kulinganisha unga na unga. Sentensi hiyo ndiyo iliyochapishwa, na ndiyo pekee ambayo wasomaji waliniandikia kuihusu.

Jambo nililojifunza ni hili. Mhariri anaweza kukosea dawa, lakini akisema hapa panauma, panauma. Ni sawa na ripoti ya hitilafu kutoka kwa mtumiaji wa programu. Mara nyingi pendekezo lake la kurekebisha halifai, ila hitilafu ipo kweli. Kila alama nyekundu ni mahali ambapo msomaji mmoja alijikwaa. Kurudisha sentensi yako kama ilivyokuwa ni kurudisha hitilafu.

Hata hivyo, kunyamaza nako si adabu. Raymond Carver, mwandishi wa Marekani, alikuwa na mhariri aliyeitwa Gordon Lish, ambaye alizikata hadithi zake nyingine zaidi ya nusu. Julai 1980 Carver alimwandikia barua akimsihi asimamishe kitabu. Kitabu kikatoka 1981 kikiwa kimekatwa vivyo hivyo, na mkusanyo kama alivyouandika mwenyewe ulichapishwa mwaka 2009, Carver akiwa ameshafariki. Kwa hiyo sema mapema, na uwe na sababu.

Ushauri wangu basi: likirudi faili jekundu, usijibu siku hiyo. Hesabu, gawa mafungu, kubali makosa, achia mambo ya kupenda. Kisha piga simu kwa lile moja linalobadilisha ukweli. Nadhani Mwalimu alinisikiliza kwa sababu nilikuwa nimeshakubali yale 83.

Makala ya pili niliyatuma mwezi uliopita. Yamerudi na mabadiliko 60. "Hauwezi" imo tena, mara mbili.

Haya, tuonane wakati mwingine.