Sanduku la Shangazi na Folda Yangu

Lile jedwali nililitengeneza mimi. Naanza hapo kwa sababu mwezi wa tano, picha yake ilipoanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, lawama zote ziliiangukia kamati ya ustawi, na mimi nikanyamaza kama simo.

Kwa waliosahau, ile ilikuwa orodha ya wenzetu ambao boom lilikuwa halijaingia, au hawakupata mkopo kabisa, wakaja kuomba hela ya kula. Jina, kozi, namba ya simu, kiasi, na mwisho safu yenye kichwa "Sababu". Humo mtu alikuwa ameandika kwamba baba yake amelazwa, mwingine kwamba amekuwa akila mlo mmoja tangu wiki ya mitihani ya majaribio. Hakuna aliyeniambia niiweke safu ile. Niliiweka kwa sababu jedwali lilionekana pungufu bila hiyo. Ukimsomesha mtu ualimu miaka mitatu, maazimio ya kazi na maandalio ya somo kila wiki, hata ndoto zake zinaanza kuja na safu.

Nirudi nyuma kidogo. Tulipoingia madarakani hatukukuta kitu. Mihutasari ya vikao ilikuwa kwenye barua pepe ya katibu aliyemaliza chuo, bajeti kwenye laptopu ya mwekahazina iliyoibiwa, na namba za wadau kwenye kichwa cha mtu aliyekwenda JKT. Nikapewa kazi: tengeneza kiolezo, yaani sehemu moja ya kufanyia kazi mtandaoni ambayo kila kamati itaichukua kama ilivyo. Nilifurahi kweli. Siku mbili nilikaa kimbwetani na bando langu mwenyewe, nikatoka na folda mama kwenye Google Drive, ndani yake folda tisa za kamati, na ndani ya kila moja mihutasari, bajeti, kalenda, orodha ya wahusika. Kamati zote tisa zikadesa. Wiki ya kwanza rais wetu alinipongeza mbele ya kikao, na sikulala mapema siku hiyo.

Kosa lilikuwa dogo kiasi kwamba naona aibu kulieleza. Watu walikuwa wakilalamika kwamba kila wakifungua faili usiku wanaambiwa waombe ruhusa, na mwenye kutoa ruhusa ni mimi, na mimi nimelala. Nikaenda kwenye folda mama nikabadilisha: yeyote mwenye kiungo anaruhusiwa kufungua na kuhariri. Mara moja, kelele zikaisha. Sikufikiri kwamba kwenye Drive kilichomo ndani ya folda hurithi ruhusa za folda yenyewe. Miezi ikapita. Kamati ya michezo ikataka watu waone ratiba ya mechi, mtu akatuma kiungo cha folda mama badala ya cha ratiba. Aliyekuwa anatafuta mechi ya Jumamosi akashuka ngazi mbili akakuta nani hana hela ya kula.

Kati ya majina yale lilikuwemo la dada mmoja wa darasa letu. Tulikuwa tunakaa naye safu ya mbele. Baada ya picha ile alihamia nyuma kabisa karibu na mlango, akawa anaingia mhadhiri akishaanza na kutoka kabla hajamaliza. Nilipomfuata kumpa pole aliniuliza jambo moja tu: "Mlikuwa mnataka sababu ya nini?" Sikumjibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, na mwaka uliofuata ikaanza kazi, lakini swali lake halikuhitaji sheria. Hela tulizotoa zilikuwa sawa kwa wote. Sababu haikubadilisha chochote.

Likizo nikaenda nyumbani Juani. Basi la Mbagala hadi Nyamisati, boti hadi Kilindoni, bodaboda hadi Utende, halafu kusubiri maji yajae ndipo mashua iweze kuingia upande wetu kupita mikokoni. Ukifika Utende maji yametoka, hata uwe na haraka ya namna gani, utakaa.

Shangazi yangu ni mtunza sanduku wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Sanduku ni la bati, lina kufuli tatu. Nimekua nikiliona chini ya kitanda chake na kuliwekea vitabu vya shule juu, lakini sikuwahi kulitazama. Safari hii alinichukua nikamsaidie kulibeba hadi barazani kwenye kikao. Akaniambia njiani, bila mimi kuuliza, kwamba yeye hana hata ufunguo mmoja. Funguo wanazo wanawake watatu, kila mmoja nyumba yake, na wao hawakai na sanduku.

Mfumo huu si wa Juani. Ulianzia Niger mwaka 1991 kwenye mradi wa shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima, na sasa huku kwetu vikundi vya namna hii vimo ndani ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne, vinasajiliwa kupitia halmashauri. Kwa hiyo nacho ni kiolezo, kimenakiliwa mara nyingi mno kuliko changu. Nilikaa pembeni nikitazama kama mtu anayesahihishiwa mtihani.

Kila mwanachama ana kijitabu. Akinunua hisa anagongewa muhuri, kuanzia moja hadi tano, na nafasi zilizobaki kwenye mstari wa siku ile zinakatwa kwa kalamu palepale, asije mtu kuzijaza baadaye. Bei ya hisa haibadiliki hadi mzunguko uishe na watu wagawane. Mwenye wazo jipya anasubiri hapo. Mwisho wa kikao hela zinahesabiwa kwa sauti, wote wanaambiwa waikariri jumla, na kikao kijacho wanaulizwa kabla sanduku halijafunguliwa. Mama mmoja alikosea kwa mia tano, akachekwa hadi akajifunika kanga usoni.

Ila kilichonikaa ni kingine. Mama mwingine aliomba fedha za mfuko wa jamii, mtoto wake anaumwa. Alisema mbele ya wote, na hakuna aliyeiandika sababu. Iliandikwa tarehe na kiasi. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni nikidhani dawa ya tatizo langu ni siri, kufungia kila kitu. Kumbe pale hakuna siri hata kidogo. Kila mtu anajua. Lakini sanduku linafunguka pale tu wenyewe wamekaa, wanatazamana, na anayesikia shida yako naye unamwona. Folda yangu ilikuwa inafunguka saa nane usiku, hayupo mtu, kwa mtu asiyejulikana.

Usiku nilimweleza shangazi yote. Alisikiliza huku anachambua mchele.

"Sasa hilo lenu lina funguo ngapi?"

"Halina funguo shangazi, lina kiungo."

"Kiungo cha mchuzi?" Akacheka peke yake. Kisha akauliza, "Na ukishamaliza shule, nani analirithi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba vyote nilivifungulia barua pepe yangu mwenyewe, kama yule katibu tuliyemlaumu.

Muhula huu tumebadilisha. Folda sasa iko kwenye akaunti ya ofisi, si ya mtu, na wenye uwezo wa kugusa ruhusa ni watatu. Kila folda inaanza ikiwa imefungwa, kamati ndiyo inamtaja anayeingia. Kiolezo hakiguswi katikati ya mwaka. Maoni yanaandikwa pembeni hadi uongozi mpya uingie. Safu ya "Sababu" imekufa, na kwenye orodha ya msaada kuna namba ya stakabadhi badala ya jina. Watu wa michezo wamesema naleta urasimu wa wilayani. Wana haki kidogo, maana juzi walikesha bila ratiba, wote watatu tulikuwa kwenye mtihani.

Nililodhani ni rahisi ndilo limenitoa jasho: kurekebisha kiolezo hakurekebishi nakala zilizokwisha kutoka. Ilinibidi niende kamati moja baada ya nyingine, nakala kwa nakala, nikifunga na kufuta. Saba zimeisha. Mbili kuna watu walizihamishia kwenye akaunti zao binafsi, na mmoja wao amemaliza chuo. Ndani ya nakala yake kuna ile orodha. Nimempigia, nimemwandikia. Jana tiki zimegeuka bluu.