Marejeo ni Ngamani

Wahenga wa Pwani, ambao maisha yao yalikuwa chomboni, walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele yake, na ngama ni kule chini ndani, baina ya ncha hizo mbili, ambako shehena hulazwa na maji machafu hukusanyika. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayezurura na kusahau kwao. Lakini yupo mzee mmoja wa Mtongwe, huko Likoni, aliyeitumia kwa jambo ambalo huenda wahenga hawakuliwazia katu: nafasi ya timu yake ya kandanda katika jedwali la Ligi Kuu ya Kenya.

Mzee huyo alipakua na kupakia shehena katika bandari ya Kilindini miaka mingi hadi alipostaafu, na timu yake ni Bandari, timu ya wafanyakazi wa bandari tangu zama za wazee wake. Siku ya mechi huwa na taratibu yake isiyobadilika. Huswali adhuhuri, huvaa kofia yake ya vito, hupanda matatu hadi kivukoni, kisha hujitoma katika umati unaongoja feri. Akishashuka upande wa kisiwani, hutembea kwa miguu hadi uwanja wa Mbaraki, kwani kutoka kivukoni si mbali. Huketi pahala pale pale, kiungoni mwa jua na kivuli, akanunua kahawa ya kikombe kimoja na kukiinua kila mara utadhani hakina mwisho.

Upande wake wa kulia huwa pamewekewa mpwa wake, mtoto wa dada yake, akaaye Magongo, Changamwe. Kijana huyu alilelewa na mjombake kwa miaka kadhaa, na hivyo hakuweza kumnyima ombi la kuandamana naye uwanjani, japo moyo wake ulikuwa kwa klabu za Uingereza alizozitazama katika kibanda cha video. Kwake yeye, kandanda ya kweli ilikuwa ile yenye majani mabichi na taa nyingi. Ya Mbaraki ilikuwa ni ibada ya mjomba.

Hata hivyo, kulikuwa na kipindi ambapo hata kijana alisahau kibanda cha video. Katika msimu wa 2018, Bandari ilimaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia. Msimu uliofuata, wa 2018/19, ikawa ya pili tena. Mnamo Januari 2019 ilikwenda Dar es Salaam katika mashindano ya SportPesa, ikawafunga Simba katika nusu fainali nyumbani kwao, kabla ya kushindwa na Kariobangi Sharks katika fainali. Miezi michache baadaye ililipiza kisasi, ikawalaza Sharks hao hao na kutwaa kombe la taifa. Mkufunzi wakati huo alikuwa Bernard Mwalala, aliyewahi kuichezea Yanga. Wazee wa baraza la Mtongwe walianza kuutaja mwaka wa 1965, ambapo Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa Kenya. Tangu mwaka huo, ubingwa wa ligi haujawahi kurudi Pwani. Basi watu walihisabu vidole: ya pili, ya pili, na sasa je?

Sasa ikaja ngama. Msimu wa 2019/20 ulianza kwa ahadi kubwa, kwani Bandari ilikuwa ikiiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Iliwatoa Al-Ahly Shendi ya Sudan, ikawatoa Ben Guerdane ya Tunisia, na ikakomea kwa Horoya ya Guinea, hatua moja kabla ya makundi. Lakini mzee wa Mtongwe hakuiona hata mechi moja kati ya hizo kwa macho yake. Mombasa, mji wa pili kwa ukubwa nchini, haikuwa na uwanja uliofikia viwango vya Shirikisho la Kandanda Afrika. Timu ya bandari ya Mombasa iliwakaribisha wageni wake Kasarani, Nairobi, safari ya takriban kilomita 480 kutoka baharini.

Ilisadifu kwamba miezi hiyo hiyo kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likihamia Nairobi. Mnamo Agosti 2019 lilitolewa agizo kwamba shehena iingiayo nchini ikielekea Nairobi na sehemu za bara isafirishwe kwa reli mpya. Wenye malori, madereva, makuli na wenye vibanda vya chakula katika barabara ya Changamwe walilalama kwamba riziki yao inang'olewa. Jumatatu baada ya Jumatatu waliandamana mjini, na mwanzoni mwa Oktoba agizo likasimamishwa. Kwa wengine ahueni hiyo ilichelewa. Mpwa wa mzee alikuwa karani wa kuhesabu makasha katika yadi moja huko Changamwe. Yadi ilipopungukiwa na makasha ikapunguza makarani, na yeye akawa miongoni mwa waliopunguzwa.

Na kana kwamba hayo hayakutosha, tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri pale Likoni, mama na bintiye wakazama. Siku kumi na tatu zilipita kabla ya miili yao kutolewa majini. Kwa wakaazi wa Likoni, wanaovuka mara mbili kila siku, hiyo haikuwa habari ya gazeti. Mzee alipopanda feri Jumamosi iliyofuata alisimama mbali na ukingo, akashika nguzo, asiseme na mtu.

Katika hali hiyo ndipo timu ilipoporomoka taratibu hadi katikati ya jedwali. Haikuwa na maporomoko ya kutisha. Ilishinda hapa, ikatoka sare pale, ikapoteza mechi ambayo mwaka uliotangulia ingeshinda. Ligi nzima ilikuwa inachechemea, maana SportPesa ilikuwa imejiondoa katika udhamini mwezi Agosti 2019. Klabu kadhaa zilishindwa kulipa mishahara, na Sony Sugar ikatimuliwa ligini kwa kukosa kufika viwanjani. Bandari, kwa kuwa chini ya halmashauri ya bandari, haikufikwa na njaa ya namna hiyo. Ilikuwa salama, na usalama huo ndio uliomkera kijana.

Siku moja, baada ya sare isiyo na bao lolote mbele ya watazamaji wachache, kijana alishindwa kujizuia.

“Mjomba,” akasema, “hatuwezi kuwa mabingwa, wala hatuwezi kushuka. Sasa tunakuja kutazama nini?”

Mzee hakujibu papo hapo. Alikung'uta kofia yake, akaivaa tena.

“Mwanangu, tezi kuna nini?”

“Usukani.”

“Na omo?”

“Ndiko kunakotazamwa mbele.”

“Na shehena iko wapi?”

Kijana alitabasamu bila kupenda. “Ngamani, mjomba.”

“Basi. Mimi nimefanya kazi ngamani maisha yangu yote. Sijawahi kumwona mtu akipigia makofi ngama.”

Jibu hilo lilikuwa zuri, na lingeweza kukomesha mazungumzo kama kijana angekuwa bado na kazi. Lakini mtu aliyepoteza riziki hatulizwi na methali. Alimwambia mjombake, kwa heshima lakini bila ya kuficha, kwamba watu wa Mombasa wamefundishwa kustahimili hata wasiyostahili kuyastahimili. Makasha yamepelekwa Nairobi, na wao wameambiwa wasubiri. Timu nayo imepelekwa Nairobi, na wao wameketi kwenye baraza wakisikiliza redio. Iwapo kuipenda timu ni kutoidai chochote, basi timu itazoea kutodaiwa, na mji vilevile. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Hapo umesema kweli,” na wakaondoka pamoja kuelekea kivukoni.

Ukweli huo ulionekana wazi zaidi siku Gor Mahia walipokuja Mbaraki. Uwanja ambao kwa kawaida ulikuwa na nafasi za kulala ulifurika. Lakini rangi iliyotawala ilikuwa kijani, na wengi wa walioivaa hawakutoka Nairobi. Walitoka Changamwe, Kisauni na Likoni. Walikuwa majirani, wafanyakazi wenza, hata wapangaji wa nyumba moja. Hapana aliyewalaumu, kwani mapenzi ya timu hurithiwa kama jina la ukoo. Ila ilimdhihirikia kila aliyekuwapo kwamba wenyeji walikuwa wageni nyumbani. Kijana, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akija kwa ajili ya mjomba, alijikuta amesimama. Akaimba. Sauti yake ilikuwa moja kati ya sauti chache, na pengine kwa sababu ya uchache huo alijisikia kwa mara ya kwanza kwamba asipoimba yeye kuna kitu kitapungua.

Hapo ndipo ilipo siri ya msimu wa katikati ya jedwali. Timu inapoelekea kikombeni, kila mtu ni wake. Huletwa na ushindi kama nzi aletwavyo na utamu. Inapokaribia kushuka, hofu nayo hukusanya watu, kama vile msiba ukusanyavyo hata jamaa waliokosana. Baina ya hayo mawili hakuna kinachomwita mtu ila mazoea na mapenzi yenyewe. Msimu kama huo huonyesha hisabu halisi ya wenye timu. Aidha, humwonyesha kila mmoja wao kwamba kukaa peke yake hakutoshi: subira ya mzee bila ya madai ya kijana huzaa usingizi, na madai ya kijana bila ya subira ya mzee hayana pa kusimamia.

Msimu wenyewe haukupata hata mwisho wa kawaida. Tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini, na viwanja vikafungwa. Jioni ya tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, wavukaji waliokuwa wakiharakisha kurudi Likoni walikabiliwa kwa marungu na vitoa machozi pale kivukoni. Mnamo Aprili Mombasa ilifungwa, asiingie mtu wala asitoke. Tarehe 30 Aprili shirikisho la kandanda likatangaza kwamba ligi imekwisha na Gor Mahia ni mabingwa. Jedwali liligandishwa lilivyokuwa, na Bandari ikabaki hapo hapo katikati, kama chombo kilichokumbwa na shwari kabla ya kufika pwani. Mpwa alikuwa amekwama Magongo, mjomba Mtongwe. Walizungumza kwa simu, na mara nyingi mazungumzo yalikuwa juu ya mechi ambazo hazikuchezwa.

Ligi mpya ilipoanza mwishoni mwa Novemba 2020, mashabiki hawakuruhusiwa kuingia. Mwanzoni mwa 2021 watembeao kwa miguu walianza kutumia daraja la kuelea lililotandazwa baina ya upande wa Mtongwe na Liwatoni. Mzee, aliyeishi miaka yake yote akingoja feri, sasa aliweza kuvuka kwa miguu yake mwenyewe. Jambo la kwanza alilolifanya nalo ni kwenda Mbaraki siku ya mechi, ijapokuwa alijua fika kwamba lango limefungwa.

Alimkuta mpwa wake amekwisha fika, barakoa usoni, mgongo umeegemea ukuta. Hawakuwa wameagana. Kijana alikuwa amepata vibarua vya hapa na pale, si kazi ya kudumu. Siku hiyo hakuwa na kibarua, akatoka Magongo akaja. Mzee alimtazama, akakumbuka swali lile la zamani, lakini hakulirudisha. Alisimama kando yake.

Kutoka ndani ya ukuta walisikia kipenga cha refa, mlio wa mguu ukipiga mpira, na sauti za wachezaji wakiitana, sauti ambazo siku za mashabiki hazisikiki. Hawakuweza kuona kitu. Mara wakasikia kelele fupi, kisha kimya.

“Wamefunga sisi au wao?” aliuliza mzee.

“Sijui, mjomba,” alijibu kijana. “Tungoje. Wakitoka tutawauliza. Na tutawauliza pia lini tutafunguliwa lango.”

Mzee alitikisa kichwa kuafiki. Jua lilikuwa linaelekea upande wa Likoni, na kivuli cha ukuta kilikuwa kimeanza kuwafikia miguuni. Wakangoja.