Methali ya Wenye Chongo Haitoshi Dubai

Siku mbili kabla ya kusafiri kwenda Dubai kuhudhuria kongamano, mwezi Machi 2024, jirani yangu alikuja nyumbani na bahasha iliyofungwa barabara kwa gundi. "Mwalimu," aliniambia, "naomba umfikishie mdogo wangu, anafanya kazi za ndani huko. Ni dawa tu za mgongo." Niliipokea bila kuuliza, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa: mzigo wa jirani haupekuliwi. Mke wangu ndiye aliyeifungua. Ndani mlikuwa na pakiti tatu za vidonge vya tramadoli, bila cheti cha daktari wala jina la mgonjwa.

Niliirudisha usiku uleule. Jirani hakunielewa, na sikuwa na maneno mazuri ya kumweleza. Baada ya siku chache nilisikia kwamba mtaani imeenea habari ya msomi aliyeogopa vidonge vya maumivu. Hadi leo tunasalimiana kwa mbali.

Nilichoshindwa kumweleza ni hiki. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, tramadoli na kodeini ni miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa kwa sheria kali. Mgeni anayezihitaji hutakiwa awe na cheti cha daktari na kibali cha mamlaka za huko, kinachoombwa mtandaoni kabla ya safari. Kodeini hupatikana hata katika baadhi ya dawa za kikohozi. Mimi ningekutwa na dawa isiyo yangu, ya mgonjwa nisiyemjua. Kusema "nimetumwa" kusingenisaidia kitu mbele ya afisa wa forodha.

Wahenga wetu walitufundisha kwamba ukifika kwa wenye chongo, nawe ufumbe lako jicho. Nilikwenda Dubai nikiitegemea methali hiyo, na nikagundua kwamba ina sharti ambalo hatulisemi: lazima kwanza uwaone hao wenye chongo. Katika nchi hiyo takriban watu 9 kati ya kila 10 ni wageni. Ukitembea Deira, mahali ambapo wafanyabiashara wetu wa Kariakoo hufuata bidhaa, utasikia Kihindi, Kiurdu, Kitagalogi, hata Kiswahili, kabla ya kusikia Kiarabu cha wenyeji. Ukiiga unachokiona, unamwiga mgeni mwenzako, ambaye pengine naye anakosea. Watalii huvaa wapendavyo ufukweni na pombe huuzwa hotelini. Mtu anahitimisha kwamba mji huu hauna mipaka. Mipaka ipo, ila haikuandikwa ukutani.

Mara nyingine imeandikwa, na msomi haisomi. Siku ya kwanza niliingia katika behewa la wanawake na watoto kwenye treni ya metro, nikapita juu ya mstari wa waridi uliochorwa sakafuni nikiwaza mada yangu ya kongamano. Mama mmoja alininyooshea kidole kuelekea chini, bila kusema neno. Faini yake ni dirhamu 100, sawa na ya kula au kunywa ndani ya treni. Nilitoka kwa aibu kuliko hofu.

Kosa la pili lingeweza kuwa zito. Nikivuka Khor kwa abra, mtumbwi wa injini ambao nauli yake ni dirhamu 1, nilipiga picha ya abiria waliokaa mbele yangu, familia moja. Baba alinijia akaniomba kwa upole niifute. Niliifuta akiangalia, nikaomba radhi. Baadaye niliisoma Sheria ya Shirikisho Na. 34 ya mwaka 2021 kuhusu uvumi na makosa ya mtandao: kumpiga mtu picha bila ridhaa yake kwa kuingilia faragha yake ni kosa, na kumtukana mtu kupitia simu ni kosa vilevile. Kuchangisha fedha kwa umma mtandaoni bila kibali nako kumekatazwa. Nasi tunavyopenda makundi ya michango! Wanaharakati watanikumbusha kwamba nasi tuna sheria yetu ya makosa ya mtandao tangu mwaka 2015. Ni kweli, na ukali wa sheria za aina hiyo siupendi popote. Lakini mgeni hapewi nafasi ya kuijadili sheria akiwa kituo cha polisi.

Mengine ni adabu ambayo mtu wa Tanga au Unguja hahitaji kufundishwa: humnyooshei mwanamke mkono mpaka yeye aanze, na mchana wa Ramadhani, hata migahawa ikiwa wazi, hutembei barabarani ukitafuna.

Mdogo wa jirani nilikutana naye Deira baada ya futari. Alipewa ruhusa ya saa mbili, ya kwanza katika wiki tano. Nilimwamkia kwa kujitetea, nikamweleza habari ya bahasha. Hakukasirika. Alisema angeshukuru zaidi kama angepata siku ya kulaza mgongo. Pasipoti yake ilikuwa kabatini kwa mwajiri, "kwa usalama," alivyoambiwa.

Nilimweleza kwamba sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya huko, ya mwaka 2022, inampa siku moja ya mapumziko yenye malipo kila wiki na haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Alinitazama kana kwamba namsimulia habari za nchi nyingine. Wakala aliyempeleka alikuwa amemfundisha namna ya kuvaa, kusalimia na kutojibu. Hili hakumfundisha.

"Kaka, niandikie hiyo namba ya sheria," alisema. Sikuwa na karatasi. Nilivua beji yangu ya kongamano, nikaandika nyuma yake, Na. 9 ya mwaka 2022, naye akaikunja mara mbili akaiweka ndani ya kiatu.