Nyumba za Chokaa katika Mji wa Unguja

Wasomaji wetu walio bara huuliza mara kwa mara jinsi nyumba za mji wa Unguja zilivyojengwa, hata nyingine zikasimama miaka mia na zaidi. Tutaeleza kidogo habari ya moja, iliyo mbele ya bandari, na kazi ya mafundi walioiponya.

Huitwa Dispensari ya Zamani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliyekusudia iwe hospitali ya maskini. Alikufa mwaka 1891 kabla ya kazi kwisha, na mjane wake ndiye aliyeimaliza. Baada ya mwaka 1964 ikaachwa, mvua ikapenya, na roshani zake za nakshi zikaanza kuoza. Katika miaka ya 1990 Wakfu wa Utamaduni wa Aga Khan ukaitengeneza upya.

Mtu angedhani kwamba kuponya nyumba kama hii ni kununua simenti nyingi. Sivyo. Ukuta wa Unguja ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, nao hunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa tena jua likiwaka. Ukiufunika kwa simenti, maji hukosa njia. Hukaa ndani pamoja na chumvi, na mawe hugeuka unga polepole, hali kwa nje ukuta waonekana mzima. Tuliigonga nyumba moja iliyopakwa hivyo, ikalia kama ngoma.

Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo ya minazi. Kisha hutiwa maji, ikatokota, ikaachwa shimoni miezi mingi hata ilainike kama siagi. Tulimwuliza mzee mmoja fundi kwa nini asiitumie mapema. Akajibu, "Mwalimu, chokaa changa hupasuka ukutani, nami nitaitwa mwongo." Juu ya boriti za mikoko hupangwa mawe, kisha sakafu ya chokaa na kokoto, nayo hupigwa kwa vigongo siku nyingi hata ishikamane. Boriti hizo si ndefu, ndiyo sababu vyumba vya kale ni vyembamba.

Katika kitabu cha Walawi mna sheria ya pigo la nyumba: lipu ikwanguliwe, mawe mabaya yatolewe, mengine yatiwe mahali pake. Mafundi hawa, walio Waislamu karibu wote, hufanya vivyo hivyo.

Kazi hii si mchezo. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, ilianguka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa.

Hata hivyo wanafunzi ni haba. Mzee yule alifundisha vijana watatu. Wawili wameondoka kwenda kufyatua matofali ya simenti, kwa kuwa ujira wake huja upesi. Hatuwalaumu, maana wana watoto wa kulisha. Wa tatu angalipo. Tulimkuta amechutama kando ya shimo, akiijaribu chokaa kwa kijiti, akatuambia kwamba bado.